Jibu: Meza yenye makombo ina maana gani kwenye picha?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Laura Letinsky, mpigapicha mzaliwa wa Kanada anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, apige picha meza yenye makombo, na kama humo mna maana yoyote. Imo, tena nzito. Miaka ya 1990 alikuwa akiwapiga picha wapenzi majumbani mwao. Alipohamia mezani hakuwaacha watu, amebakisha athari zao: ganda la tunda, doa kwenye kitambaa, glasi iliyosukumwa mpaka ukingoni. Waliokula washaondoka, nawe unabaki kukisia walikuwa wangapi na waliagana vipi.

Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 waliweka fuvu, mshumaa uliozimika, limau lililomenywa nusu, kukumbusha kuwa uhai na neema hupita. Letinsky karithi hayo bila ya fuvu, na kwangu mimi ndiyo maana kazi yake inachoma zaidi.

Nawe uliyesema Unguja hakuna vitu vya kupiga picha, hapo sikubaliani nawe hata kidogo! Ngoja watu wainuke kwenye futari uliangalie sinia: kokwa za tende, vikombe vya kahawa, maganda ya shokishoki. Kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, kilichonyauka juu ya mto wa kulalia kinaieleza harusi iliyokwisha kuliko picha ya bibi harusi mwenyewe. Zima taa, fungua dirisha la upande mmoja tu, kisha anza kuondoa kitu kimoja kimoja mpaka kila kilichobaki kiwe na kazi.