Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa Sevisi ya Kiyoyozi, Nisaini au Niache?

*Ninaishi Ipuli, Tabora. Nina viyoyozi viwili, cha sebuleni BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) na cha chumbani BTU 9,000, vyote vina umri wa miaka miwili na si inveta (zile zinazojirekebisha kasi zenyewe). Kampuni moja ya Mwanza imeniletea mkataba wa sevisi wa shilingi 400,000 kwa mwaka. Watakuja kila baada ya miezi mitatu. Vipuri ni juu yangu. Fundi wa hapa mjini hunitoza 30,000 kwa kila mashine. Nisaini?*
Mwalimu mstaafu, Tabora

Shikamoo Mwalimu. Kwa masharti hayo uliyotuandikia, usisaini.

Tuanze na hesabu. Laki nne kwa ziara nne ni 100,000 kila ziara, yaani 50,000 kwa mashine. Fundi wa mjini anafanya kwa 30,000. Hiyo ya ziada ya 20,000 ingekuwa na maana kama ingekuletea kazi bora au uhakika wa kutengenezewa pale mashine inapokufa. Lakini vipuri umesema ni vyako, na katika maelezo yako hatuoni popote palipoandikwa kwamba ukipiga simu leo watafika lini. Kutoka Mwanza hadi kwako ni zaidi ya kilomita 300. Kiyoyozi kikigoma Oktoba, nani atalipa nauli ya fundi, na atalala wapi? Jambo hilo lisipoandikwa, litakuwa lako.

Pili, ratiba ya kila miezi mitatu haiendani na hali ya hewa ya Tabora. Joto lenu linakaza Septemba na Oktoba, kisha mvua za Novemba zinalipunguza. Juni na Julai usiku watu wanajifunika blanketi. Ziara ya Juni itaosha mashine ambayo haijawashwa kwa wiki kadhaa, na kabla hujaihitaji itakuwa imejaa vumbi upya. Kwa nyumba ya kawaida Tabora, sevisi mbili zinatosha: moja wiki ya mwisho ya Agosti, nyingine Desemba, baada ya vumbi kutulia. Hiyo ya Agosti ndiyo muhimu zaidi. Mashine ya nje iliyokaa kimya tangu Mei inageuka makazi. Nyigu hujenga viota vya udongo kwenye mapezi ya koili (mabomba yanayopitisha gesi), sisimizi huingia kwenye kontakta (swichi ya umeme ya ndani ya mashine), na mjusi akilala juu ya bodi ya umeme anaweza kuiunguza siku ya kwanza utakayobonyeza rimoti. Kwa hiyo kabla ya kuiwasha baada ya miezi ya baridi, ifunguliwe na kukaguliwa kwanza.

Sevisi mbili kwa mashine mbili, kwa bei ya fundi wako, ni 120,000. Unabaki na 280,000, na tutakuambia hapo chini ziende wapi.

Kati ya sevisi hizo mbili, filta ni kazi ya mwenye nyumba. Kipindi cha vumbi, kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, zitoe kila baada ya wiki mbili. Wakati wa mvua mara moja kwa mwezi. Zioshe kwa maji ya kawaida kutokea upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia, uzianike kivulini, kwani jua kali linapinda fremu ya plastiki. Usizirudishe zikiwa mbichi. Malalamiko mengi ya "gesi imeisha" huanzia hapa. Filta ikiziba, hewa haipiti vya kutosha kwenye koili ya ndani, koili inashuka chini ya nyuzi sifuri, barafu inaganda, hewa inazidi kupungua, na usiku barafu inapoyeyuka maji yanadondoka ukutani. Mwenye nyumba anaona maji na chumba hakipoi, fundi mwenye haraka anaongeza gesi. Tatizo lilikuwa vumbi la senti mbili.

Sasa, ukimwita fundi wa 30,000, dai kazi kamili. Mashine moja inachukua saa moja hadi saa moja na nusu. Akimaliza kwa dakika ishirini, amemwagia maji tu. Kwanza aiwashe, aweke nyuzi 16, asubiri dakika 15, kisha apime joto la hewa inayoingia juu ya kisanduku cha ndani na inayotoka chini. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Apime pia volti na ampia (kiasi cha umeme unaovutwa). Ile ya BTU 12,000 isiyo ya inveta kwa kawaida huvuta kama ampia 5. Namba kamili iko kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni. Ndipo azime kwenye swichi kuu, si kwa rimoti.

Ndani, akivishe kisanduku mfuko wa kuoshea unaoelekeza maji kwenye ndoo, afunike bodi kwa nailoni, na aoshe koili na lile gurudumu refu la feni. Gurudumu ndilo mafundi wengi wanaloruka, na ndilo linalobeba ukungu na harufu ya soksi. Kisha amwage lita moja ya maji kwenye trei, mwende wote nje kuangalia kama inatoka yote kwenye mpira. Ikitoka kwa matone, mna utelezi mweupe ndani au mpira umeinuka mahali.

Nje, maji yapigwe kutokea ndani ya mashine kwenda nje, kwa presha ndogo. Pampu ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi ya alumini, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa. Ni afadhali vumbi. Asitumie jiki wala dawa ya kuzibulia choo, maana vyote vinakula alumini. Akaze nyaya kwenye kontakta, apake povu la sabuni kwenye nati za mabomba kutafuta vipovu, na apime kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza na kuzunguka). Kapasita ya kompresa, pampu inayosukuma gesi, iliyoandikwa maikrofaradi 35 ikisomeka 31 au chini ya hapo, ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kompresa itakuwa inahangaika kuanza na kujipasha moto kila mara.

Mwisho arudie vipimo vile vya mwanzo na kuviandika kwenye daftari lako, Mwalimu, pamoja na tarehe. Daftari hilo litakuambia mengi kuliko muhuri wowote wa kampuni. Ampia ikipanda mwaka hadi mwaka au tofauti ya joto ikishuka kutoka 11 hadi 7, utajua mapema.

Geji za gesi, yaani vipimo vya presha, hazihitaji kufungwa kila sevisi. Kila zinapofungwa na kufunguliwa, gesi kidogo inapotea. Joto na ampia vikiwa sawa, gesi iachwe.

Rudi kwenye mkataba wako, utafute kifungu cha yasiyohusika. Karibu kila mkataba wa aina hii una mstari unaosema uharibifu unaotokana na umeme si jukumu la kampuni. Mstari huo unaondoa hasa kinachoua viyoyozi majumbani: umeme mdogo jioni, na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Hapo ndipo sehemu ya 280,000 iende. Nunua kinga ya umeme kwa kila mashine, inayokata chini ya volti 190 hivi na juu ya 260, na inayosubiri dakika tatu kabla ya kuwasha tena. Dakika hizo zinaipa presha ya ndani ya mabomba muda wa kusawazika. Kompresa ikilazimishwa kuanza presha ikiwa haijatulia, inavuta umeme mwingi na haianzi kuzunguka. Pesa inayobaki iweke kama akiba ya kapasita na feni.

Jambo moja la kukagua kabla hujaukataa: kadi ya waranti. Baadhi ya wauzaji hudai sevisi ifanywe na fundi waliyemthibitisha, la sivyo waranti inakufa. Kama waranti ya kompresa yako bado ipo na ina sharti hilo, muulize muuzaji kama risiti na daftari la fundi mwenye cheti cha VETA vinakubalika, akujibu kwa maandishi.

*Nyumba yetu ipo Bangwe, Kigoma, karibu kabisa na ziwa. Fundi anataka tuingie mkataba wenye "gesi ya bure mara mbili kwa mwaka" na kupaka koili dawa ya kuzuia chumvi. Tumeona unafuu kwa sababu kila mwaka tunaongezewa gesi. Mnasemaje?*
Mama wa nyumba, Kigoma

Dada yetu, hiyo gesi ya bure ndiyo sababu ya kuukimbia mkataba.

Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na mashine ikifungwa vizuri inaweza kuzeeka na gesi ile ile ya kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayeahidi kuongeza mara mbili kwa mwaka anakuahidi kwamba tundu halitazibwa. Na wakati gesi ni pungufu kompresa inateseka, kwa sababu gesi baridi inayorudi ndiyo inayoipoza.

Mwambie aache kuongeza na atafute. Aanze na nati za mabomba ndani na nje, kwa sababu huko ndiko mivujo mingi ya kazi za majumbani huwa: bomba lilitanuliwa mdomo vibaya, au nati ilikazwa kupita kiasi ikapasua shaba. Dalili ni mafuta mafuta yaliyoshika vumbi kuzunguka nati. Akikosa, aondoe gesi, ajaze nitrojeni, aache saa kadhaa aone kama mshale wa geji unashuka. Akishaziba, avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu dakika 20 hadi 30, azime pampu, asubiri tena kuona mshale haurudi. Ndipo ajaze gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati. Mashine ya BTU 12,000 mara nyingi inachukua kati ya gramu 500 na 1,100, kutegemea aina ya gesi na modeli. Fundi asiye na pampu ya vakyumu wala mizani hawezi kuifanya kazi hii, hata awe na mkataba wa kurasa kumi.

Angalia pia aina ya gesi. R32 inaweza kuwaka, kwa hiyo asichomelee bomba ambalo bado lina gesi ndani. Kama ni R22, mashine ni ya zamani, na nchi zinazoendelea zinatakiwa ziwe zimeachana na gesi hiyo ifikapo 2030. Hatushauri kuilipia mkataba mashine ya R22. Weka pesa hiyo kwenye mpya.

Kuhusu dawa ya chumvi, mkataba huo umenakiliwa kutoka pwani. Dar es Salaam, Tanga na Mtwara upepo wa bahari unabeba chumvi inayokula alumini na shaba, na huko kuosha mashine ya nje kila miezi mitatu ni sahihi. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yasiyo na chumvi ya bahari. Adui wako Bangwe ni vumbi la kiangazi na moshi wa jikoni, hasa kama mashine ya nje imefungwa karibu na jiko la mkaa au mahali pa kukaushia dagaa. Moshi na mafuta hunata kwenye mapezi na maji matupu hayavitoi; hapo tumia sabuni laini ya maji, iache dakika kumi, kisha suuza.

*Mama yangu ni mgonjwa, yuko Ujiji na binti wa kazi. Chumba chake kina AC inayofanya kazi usiku na mchana mwaka mzima. Mimi niko Dar es Salaam. Nimeambiwa mikataba hii ni kupoteza pesa.*
Kijana, Dar es Salaam

Pole kwa kuuguza. Kwako si kupoteza pesa. Mashine inayofanya kazi mwaka mzima inahitaji sevisi nne, mwenye kuifuatilia hayupo, na chumba hicho hakiwezi kukaa siku tatu bila kupoa. Unanunua uhakika wa mtu kufika.

Basi hakikisha karatasi inasema hivyo. Fundi awe wa Kigoma mjini au Ujiji. Iandikwe kwamba akipigiwa simu atafika ndani ya saa 24, na nauli na ufundi vimo ndani ya bei. Vipuri ulipe kwa risiti, na kipuri kilichotolewa kibaki nyumbani. Iandikwe kwamba kapasita moja na mota ya feni ya akiba vinakaa nyumbani kwa mama, kabatini. Kama mashine ni inveta, kompresa haina kapasita. Kinachoungua ni bodi, na bodi ya modeli yako inaweza kuchukua wiki kupatikana, kwa hiyo kinga ya umeme isikosekane, na feni ya kawaida iwepo chumbani.

Usilipe mwaka mzima kwa mkupuo. Gawanya malipo mara nne, na kila ziara binti akutumie kwenye simu picha tatu: filta na gurudumu la feni baada ya kuoshwa, kipimajoto kwenye hewa inayotoka, na ukurasa wa daftari wenye volti, ampia na tarehe. Picha zikifika, tuma pesa siku hiyo hiyo.