Nipige makofi popo waruke?

SWALI: Assalaam alaykum, dada. Natembelea magongo tangu utotoni, na sasa nimeanza kupiga picha za wanyama. Nilikwenda Kidike, hapa Pemba, kuwapiga picha popo, lakini mizizi na matope vilinizuia kufika chini ya miti. Kijana aliyenipeleka alitaka kupiga makofi popo waruke ili nipate picha pale pale nilipo. Nilikataa. Rafiki zangu wanasema kwa hali yangu ningekubali tu. Unaonaje? Na ninapozitoa picha zangu, niutaje ulemavu wangu?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Ulifanya vyema kukataa. Mimi napigia picha kwenye kiti cha magurudumu, na hayo maneno ya “kwa hali yako” nimeyasikia sana. Yana huruma, lakini tazama anayelipa ni nani. Njia mbovu ni deni la watu, popo asilipishwe.

Mchana wamelala. Ukiwatimua juani wanachoka bure, na jike mwenye mtoto mchanga humbeba kifuani. Katika purukushani mtoto anaweza kuanguka. Tena popo hawa hawapo kwengine duniani ila Pemba. Miaka ya 1990 waliorodheshwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa kuwindwa kwa nyama na kukatwa misitu. Wameongezeka tena kwa kuwa wanavijiji, wa Kidike wakiwemo, waliamua kuwalinda. Makofi yale yangeichafua kazi hiyo.

Kuruka wataruka wenyewe. Jua likizama hutoka kwenda kutafuta matunda. Omba ruhusa ya wenyeji, kaa mahali peupe nje ya miti kabla ya magharibi, uelekee machweo. Magongo yaweke chini, keti, kisha egemeza lenzi kwenye mfuko wa choroko ulioupakata. Pima mwanga wa anga, spidi ya kamera isishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na mabawa yatatoka meusi yenye ukingo safi. Bawa hadi bawa ni kama mita moja na nusu, kwa hiyo hata lenzi ya kawaida inakutosha. Flashi iache nyumbani.

Hata hivyo, njia usiisamehe. Waambie wanaowalinda popo hao unahitaji mbao za kukanyagia na kamba ya kushika, na uwaoneshe ni wapi ulipokwama. Kwenye msitu wa Jozani, Unguja, kuna njia ya mbao juu ya matope ya mikoko, basi ujuzi huo Zanzibar upo.

Kuhusu magongo, uamuzi ni wako peke yako. Mimi hukitaja kiti changu pale tu kinapoeleza picha, kwa mfano kwa nini kima punju anaonekana kutokea chini. Mhariri akitaka habari za miguu yako kabla ya habari za popo, mnyime picha.

Na ukikuta kundi jipya la popo lisilo na mlinzi, andika “Pemba” tu, usitaje kijiji wala mti. Wawindaji nao wana simu.