Mpira Umeangukia Uani: Maswali ya Wasomaji Kutoka Malindi

SWALI: Nakaa Muyeye, na nyumba yangu iko nyuma ya goli la kaskazini la kiwanja cha mtaa. Kila jioni nakaanga bajia na viazi karai uani, na wateja wangu wengi ni hao hao vijana wa timu. Mwezi uliopita mpira uliruka ua wa makuti ukaanguka shubiri moja na karai la mafuta yanayochemka, mjukuu wangu akiwa ameketi mkekani kando yake. Niliuzuia mpira ule, na tangu siku hiyo wananinunia na viazi vinalala. Niliwataka wageuze magoli yatazame mashariki na magharibi, wakakataa. Upande wa kusini hakuna nyumba, ni mikorosho mitupu, lakini wao hupenda mazoezi ya kupiga golini upande wangu kwa ajili ya kivuli cha mwembe. Je, nimekosa? — Bibi wa Muyeye

JIBU: Mama, pole sana, na tumshukuru Mungu kwamba ilikuwa shubiri moja. Kukasirika hukukosa. Hata hivyo mpira ni mali ya watu na hauwi dhamana kwa sababu umeanguka kwako, kwa hiyo urudishe. Ila usiwatupie watoto juu ya ua. Mwite nahodha pamoja na mtu mzima anayewasimamia, waje kuuchukua mlangoni, na wakishaketi uwaonyeshe mkeka ulipokuwa na karai lilipokuwa. Nina hakika wengi wao hawajawahi kuuona uwanja wao kutoka upande wako wa ua.

Kuhusu kugeuza magoli, vijana wako sawa, ingawa huenda hawakukujibu kwa adabu. Viwanja vya mpira huelekezwa kaskazini na kusini kwa sababu mechi huchezwa alasiri, na goli likitazama magharibi kipa hupigwa na jua machoni saa ile ile ambayo mashuti huwa mengi. Shida yako imo kwenye upepo zaidi kuliko kwenye magoli. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi kusi huvuma kutoka baharini na kusukuma kila kitu kuelekea kaskazini, yaani kuelekea karaini kwako, na mpira ambao uzito wake kisheria hauzidi gramu 450 ukishapanda juu ya ua hauna wa kuurudisha. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka utaona mipira imepungua, na hapo watu watasema mambo yametulia, mpaka kusi irudi.

Kwa hiyo waombe mambo mawili, nayo yote yako ndani ya uwezo wao. La kwanza halina gharama: mazoezi ya kupiga golini yahamie goli la kusini mwaka mzima, kwa kuwa mipira mingi inayovuka ua hutoka kwenye mazoezi hayo, wakati kila mchezaji ana zamu yake ya kupiga, kuliko kwenye mechi yenyewe. Kivuli cha mwembe watakifuata wakati wa mapumziko. La pili ni wavu nyuma ya goli lako. Malindi ni mji wa wavuvi, na nyavu kuukuu ambazo hazifai tena baharini hazikosekani. Tundu lake liwe dogo kuliko mpira, ambao kipenyo chake ni kama sentimita 22, na nguzo ziwe za mvinje, ambao hupandwa kila mahali huku kwetu. Mwamba wa goli uko mita 2.44 kutoka chini, basi wavu usiofika angalau mita 6 ni pambo tu. Gharama ni ya timu, wala si yako.

Wavu utakapokuwa bado haujasimama, hamishia karai upande wa pili wa nyumba, hata kama wateja watalazimika kuzunguka. Vijana wenye njaa baada ya mazoezi huzunguka, niamini.

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa timu ya Barani. Kila mchezaji hutoa shilingi 50 kwa wiki, nazo huingia kwenye simu yangu. Sasa kuna maneno kwamba nazila. Pia mwanasiasa mmoja ametuahidi jezi zenye picha yake. Tufanye nini? — Mweka hazina

JIBU: Kijana wangu, nami niliwahi kushika fedha za timu ya mtaa, katika mkebe wa maziwa uliotobolewa juu, na nilisingiziwa kabla hata mkebe haujajaa nusu. Fedha za watu zikichanganyika na vocha zako na nauli yako, huwezi kujitetea hata ukiwa mkweli. Nunueni daftari moja, andika jina, tarehe na kiasi, na kila Ijumaa lisomwe uwanjani kwa sauti mbele ya wachezaji wote. Kisha fungueni akaunti ya timu yenye watia saini watatu.

Ili kufika huko mtahitaji kuwa chama kinachotambulika. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka klabu za michezo zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na usajili hauendi bila katiba iliyoandikwa na viongozi waliochaguliwa. Katiba hiyo msiinakili kutoka kwa timu nyingine bila kuisoma. Andikeni ninyi wenyewe nani anashika fedha, kwa muda gani, na anaondolewaje.

Jezi, zikatae. Uchaguzi ukipita utabaki na nguo ambazo nusu ya mtaa haitaki kuzishangilia.

SWALI: Mechi za mtaani kwetu Shela huanza saa 11 jioni na kumalizika adhana ikiwa imekwisha kusomwa. Hakuna utaratibu? — Mzee wa Shela

JIBU: Mzee wangu, nakuamkia. Hesabu yenyewe inawahukumu: vipindi viwili vya dakika 45 na mapumziko ya dakika 15 ni dakika 105, kwa hiyo mechi iliyoanza saa 11 haiwezi kumalizika kabla ya saa 12.45. Kumbuka pia kwamba Malindi mwezi wa Novemba jua huzama karibu nusu saa mapema kuliko Februari, na ratiba iliyowafaa mwanzoni mwa mwaka huwaangusha mwishoni. Novemba mpira uanze saa 10.20. Wakichelewa, kanuni za soka zinaruhusu vipindi vifupishwe katika mechi za vijana na za mitaani, ila mwamuzi na timu zote mbili wakubaliane kabla ya filimbi ya kwanza.