Jibu: Peace Walker kwenye PSP, kamera ngumu na Snake anajiendea kushoto

Ndugu wa Kirumba, Mwanza, umeuliza kwa nini kamera ya Peace Walker (mchezo wa Metal Gear Solid) ni ngumu kuisogeza, na kwa nini mhusika wake Snake anajiendea kushoto bila kuguswa. PSP, mashine ya michezo ya mkononi ya Sony, ina kijiti kimoja tu cha kusukuma kwa kidole gumba. PS2 uliyoizoea, mashine ya Sony ya kuunganisha na TV, ina viwili, kimoja cha kutembea na kimoja cha kamera. Peace Walker ya 2010 ilitengenezewa PSP, ikaondoa kutambaa na kugawa misheni vipande vifupi. Kwenye mipangilio ya vidhibiti chagua Shooter: kamera inahamia vitufe vinne vya kulia, kitufe cha juu kushoto (L) unalenga, cha juu kulia (R) unafyatua. Kidole gumba kitalalamika mwanzoni.

Kujiendea kushoto ni suala jingine, mara nyingi kijiti kichafu. Zima, toa betri, fungua kava la mbele, futa miguso ya kijiti kwa pamba yenye spiriti kidogo (usimwagie!), acha ikauke kabisa. Mchanga wa ziwani ukishakwangua, badilisha kijiti.

Betri imevimba hadi kifuniko hakifungi? Usiichaji wala kuitoboa, mpelekee fundi.