Kusakinisha programu kutoka msimbo chanzo kwenye seva usiyo na sudo

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili, hesabu zote za utafiti wangu nilikuwa naziendesha kwenye seva ya idara. Naingia kwa SSH (njia ya kutumia kompyuta ya mbali kupitia mtandao) nikiwa nyumbani, naanzisha kazi, nasubiri. Usiku mmoja umeme ukakatika mtaani kwetu, ruta ikazima, na kazi iliyokuwa imeshakwenda kwa muda wa saa tisa ikafa palepale. Seva yenyewe haikuzimika hata sekunde. Ndivyo mambo yalivyo: muunganisho ukikatika, sheli yako (programu inayopokea amri zako) kule kwenye seva hupata ishara ya kufunga, na kwa kawaida huondoka na kila ulichokianzisha humo.

Dawa yake ni tmux, programu inayoacha kikao chako kikiendelea kwenye seva hata wewe ukipotea. Haikuwepo, nami sina ruhusa ya sudo, yaani ya kutoa amri kama msimamizi wa seva. Niliomba iwekwe, nikasubiri wiki tatu, kisha nikaamua kuisakinisha mwenyewe ndani ya folda yangu ya nyumbani. Ilinichukua siku mbili. Ingenichukua saa moja kama ningelijua mapema jambo moja.

Programu huazima maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, na maktaba hizo hutafutwa mara tatu, si mara moja. Kwanza wakati wa kukompaili (kugeuza msimbo chanzo kuwa programu), kompaila inatafuta faili za heda, zinazoeleza maktaba ina nini. Pili wakati wa kuunganisha, zinatafutwa faili za maktaba zenyewe. Tatu ni kila unapoifungua programu ukishaisakinisha. Kwa maktaba za mfumo huhangaiki, kwa sababu ziko kwenye folda zinazojulikana. Ukiziweka nyumbani kwako, lazima useme ziko wapi kwa kila mara kati ya hizo tatu. Karibu kila kosa nililokutana nalo lilitokana na kusahau mojawapo.

Kabla ya yote andika `gcc --version` uone kama kompaila ipo, na `quota -s` uone kama una nafasi. tmux inategemea maktaba mbili, libevent na ncurses. Pakua vifurushi vya matoleo rasmi, linganisha alama zake kwa `sha256sum` pale zinapotolewa, kisha anza na zile maktaba. Mimi vyote vitatu naviweka kwenye folda moja, `$HOME/opt/tmux`. Wengine hupenda kumwaga kila kitu ndani ya `~/.local`, lakini ikifika siku ya kuondoa programu hujui faili ipi ni ya nani. Kwa mpango wangu nafuta folda moja, basi.

Fungua kifurushi cha libevent, ingia ndani ya folda yake (`configure` huandaa ujenzi, `--prefix` husema pa kusakinisha, `make` hujenga):

`./configure --prefix=$HOME/opt/tmux --disable-openssl`
`make -j2 && make install`

tmux haihitaji sehemu ile ya OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche), na bila kuizima unaweza kukwama kwa kukosa heda zake. Kuhusu `-j2`, inayoendesha kazi mbili kwa pamoja: seva ni ya watu wengi, usichukue viini vyote vya kichakataji kwa ajili yako. Kisha ncurses:

`./configure --prefix=$HOME/opt/tmux --with-shared --with-termlib --enable-pc-files --with-pkg-config-libdir=$HOME/opt/tmux/lib/pkgconfig`

Halafu `make` na `make install` kama mwanzo. Mwisho tmux yenyewe, na hapa ndipo penye kazi:

`export PKG_CONFIG_PATH=$HOME/opt/tmux/lib/pkgconfig`
`./configure --prefix=$HOME/opt/tmux LDFLAGS="-Wl,-rpath,$HOME/opt/tmux/lib"`

Halafu tena `make` na `make install`. `PKG_CONFIG_PATH` inaeleza maktaba ziko wapi kwa ile mara ya kwanza na ya pili. Nilipoisahau, nilipata `libevent not found` ilhali nimetoka kuisakinisha dakika tano zilizopita. Ukiona hivyo usianze kubahatisha. Fungua `config.log`, nenda karibu na mwisho, utakuta amri kamili iliyojaribiwa na kilichoishinda.

Hiyo `rpath` ni ya ile mara ya tatu: inaandika ndani ya programu yenyewe mahali pa kutafuta maktaba. Mimi sikuiweka. tmux ilijengeka vizuri, nikaifungua, ikagoma kwa sababu haikuiona `libevent_core-2.1.so.7`. Nikafuata ushauri ulioenea mno mtandaoni, nikaweka `LD_LIBRARY_PATH`, orodha ya folda ambamo kila programu hutafuta maktaba kwanza, kwenye `.bashrc`, faili ambayo sheli yangu, bash, huisoma inapoanza. tmux ikafunguka, lakini tangu hapo kila nikiingia, bash ikawa inalalamika kuhusu `libtinfo.so.6`, ambayo ni sehemu ya ncurses: `no version information available`. Ncurses yangu ilikuwa inapenyezwa kwenye kila programu ninayoifungua, hata zile za mfumo zilizojengwa kwa maktaba nyingine. Tafadhali usiweke `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `.bashrc`. Tumia `rpath`, kisha hakikisha kwa `ldd`, inayoonyesha maktaba za programu zimepatikana wapi:

`ldd ~/opt/tmux/bin/tmux`

Mistari ya libevent na ncurses ionyeshe folda yako. Ukiona `not found`, rudi kwenye `LDFLAGS`.

Kilichobaki ni kuifanya sheli iione. Tengeneza `~/bin`, weka kiungo kwa `ln -s ~/opt/tmux/bin/tmux ~/bin/`, na kwenye `.bashrc` ongeza `export PATH="$HOME/bin:$PATH"`; `PATH` ni orodha ya folda ambamo sheli hutafuta amri. Ukiacha ile `$PATH` ya mwisho, hata `ls` itapotea. Kama seva ilikuwa na toleo la zamani ulilokwisha kulitumia, andika `hash -r`, maana bash hukumbuka mahali pa zamani.

Usije ukaihamisha folda ya `opt/tmux` baadaye; anwani yake imeshaandikwa ndani ya programu, itabidi ujenge upya. Anwani hiyohiyo ndiyo iliyowasaidia wenzangu wa maabara. Niliwapa ruhusa ya kupita kwa `chmod 711 ~`, nikahakikisha `opt` inasomeka, wao wakaweka kiungo tu kwenye `~/bin` zao. Hakuna aliyelazimika kukompaili tena.