Jibu: Mhandisi asome biolojia ya nini?

Mdogo wangu, unauliza kwa nini mwanafunzi wa uhandisi hapa Kisumu alazimishwe kusoma biolojia na mawasiliano. Shuka ufuo wa Dunga, Ziwa Victoria, ukatazame gugumaji, mmea unaoelea na kufunika maji. Mashine za kulikata zimeletwa na bado linarudi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilipopungua sana, kazi kubwa ilifanywa na fukusi, wadudu wadogo wanaolila gugu hilo, waliofugwa na kuachiliwa ziwani, wakisaidiwa na hali ya hewa ya El Niño. Mhandisi asiyewajua atakuuzia mashine tu. Mawasiliano nayo, ngoja siku utakapowaeleza wavuvi kwa nini bomba lako lipite pwani yao! Ila kurundikiwa masomo hayo yote muhula mmoja, hapo nakuunga mkono. Ukipewa nafasi ya kuchagua, uliza kwanza nani anafundisha.