Handaki lililoyeyuka, na kabati la vinyago vya wanajeshi vya madini ya risasi

Pole, ndugu, kwa handaki lako dogo la mfano, la vita vya Somme, Ufaransa, 1916, ulilolichonga kwa stairofomu (povu jepesi la plastiki), kuyeyuka ulipolipulizia rangi. Stairofomu haina kosa. Kiyeyushi cha rangi ndicho kinachoila. Chonga upya: kwa vinyago vya wanajeshi vya urefu wa milimita 54, handaki ambalo kwa uhalisia lina kina cha mita 2 liwe na kina cha milimita 62 hivi. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara mbili, ilale ikauke, kisha rangi ya maji kwa brashi.

Kabati lako la mwaloni la kuwekea wanajeshi hao ndilo linalonitia hofu zaidi. Mbao hiyo hutoa mvuke wa asidi unaokula madini ya risasi. Tumia kioo na chuma. Ukiona unga mweupe juu ya wanajeshi, usiusugue wala kuupuliza, ni sumu. Vaa glavu, watenge, umwone mhifadhi wa makumbusho.